Chupa ya Kumi na Nne

Ruaruke,
20 Aprili 2025

Kwako dada yangu Mwamini,

Assalaam alaykum, na shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta wewe, shemeji na mtoto mkiwa wazima, na kwamba kile kikohozi cha mtoto ulichokitaja kwenye simu kimekwisha. Sisi huku tunaamka na kulala, alhamdulillah. Mama anakula. Bibi yupo. Mvua za masika zimeanza na mpunga wa bondeni umeshika rangi.

Nakuomba uisome barua hii ukiwa peke yako, shemeji akiwa kazini. Kama kuna mtu karibu yako, ikunje kwanza uiweke mpaka aondoke.

Dada, si Bibi aliyeyapofua macho ya mama. Ni mimi. Hakuna mtu mwingine niliyemwambia, na mpaka kalamu ilipofika kwenye neno hilo sikuwa na hakika kama ningeliandika. Kwa simu nisingeweza. Mama siku hizi anasikia kila kitu, hata ukinong'ona nyuma ya banda la kuku atakuuliza ulikuwa unaongea na nani. Na mimi unanijua, kusema hata mambo mepesi kunanishinda. Barua hii nimeianza mara nne na mara tatu nimeichoma jikoni.

Ninaandika sasa kwa sababu baba mdogo Husseini amesema kuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi atakuja kumchukua Bibi ampeleke kwake Mbwara, na kwamba ni wewe uliyetaka iwe hivyo. Kabla hajaja, lazima ujue yaliyotokea.

Nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi wa kumi na moja nilirudi nyumbani, sikuwa na la kufanya ila kuamia ndege mpungani na kuchota maji. Mwezi wa kumi na mbili wakaja wageni wawili kutoka Dar es Salaam. Mmoja ni mama wa makamo, Dokta Marsela, kwao Bukoba, ni mtaalamu wa kemia. Mwingine ni fundi wake wa maabara, kijana anaitwa Ebenezer, mtu wa Mbeya. Walipanga vyumba viwili nyumbani kwa Mzee Mudrick. Walikuwa wanatafuta ule uyoga mgumu unaoota kwenye magogo kama rafu, ambao Bibi huuita sikio la mti, pamoja na maganda na makokwa ya mkomafi, ule mti wa kwenye mikoko. Mwenyekiti wa kijiji akawaelekeza moja kwa moja kwa Bibi.

Bibi aliwaacha wamesimama uani muda mrefu. Kisha akamuuliza Dokta kama wamekuja kuchukua dawa au kujifunza. Dokta akajibu kuwa wamekuja kujifunza kwanza, kuchukua baadaye. Bibi akacheka akasema angalau huyu hasemi uongo wote, akaniambia niwaletee mkeka.

Toka hapo nikawa ninakwenda nao porini na kule kwenye mikoko. Bibi magoti hayamruhusu, na mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa dawa zake tangu nikiwa darasa la tatu. Unakumbuka kuwa anayetumwa dawa hasalimii mtu njiani, wala haitikii, mpaka aifikishe ndani. Wewe ulishindwa siku ya kwanza, ulipokutana na shangazi ukamwamkia kwa sauti na Bibi akaimwaga dawa yote. Mimi sikupata taabu. Ebenezer alipoelezwa desturi hiyo alisema kwa hali yangu ningeweza kubeba dawa ya nchi nzima. Akawa ananiita Mwalimu wa Kimya. Asubuhi nikifika na kusema shikamoo kwa sauti ndogo, yeye huweka mkono sikioni na kumuuliza Dokta kama amesikia panya. Nilikuwa naona haya, lakini nilipenda kwenda.

Kazi yangu ilikuwa kuandika lebo. Kila kipande cha uyoga kilikuwa na namba, tarehe, jina la mti na upande wa gogo, kwa kuwa Bibi aliwaambia yeye huchukua upande wa jua linapotoka na upande linapozama tu. Dokta aliusifu mwandiko wangu. Alisema huko Dar watu wazima wenye shahada huandika kama kuku aliyekanyaga wino. Dada, hakuna mtu aliyewahi kunisifu kwa kitu nilichokuwa nakijua. Nilikuwa nikirudi nyumbani jioni nahesabu maneno yake.

Siku moja nilijikaza nikamuuliza ndani ya uyoga ule kuna nini. Alifurahi sana. Alinichorea kwenye daftari pete nne zilizoshikana, akasema zimejengwa kwa kaboni, kaboni thelathini kwa jumla, na kundi lake lote linaitwa triterpenoidi. Uchungu wa uyoga wa Bibi unatoka humo, na uchungu wa kokwa la mkomafi na wa mwarobaini ni wa ndugu zao. Alisema wenzao wa maabara wamezitia baadhi ya triterpenoidi hizo kwenye visahani vyenye seli za saratani, na seli zikaacha kukua. Akaongeza, nakumbuka vizuri, kuwa kisahani si mtu, na kwamba kutoka kwenye kisahani mpaka kwenye kikombe cha mgonjwa kuna miaka mingi na mambo mengi hufia njiani. Hilo nililiandika pia. Daftari ninalo hapa. Nililiandika lakini sikulichukua.

Nilimuuliza pia, kwa kuwa Bibi huchemsha uyoga kwa maji, kama maji yanazitoa zote. Akasema hapana, maji hutoa kidogo sana, nyingi hubaki kwenye makapi yanayotupwa. Wao hutwanga uyoga, huloweka unga wake kwenye spiriti siku tatu, kisha huchuja. Huko Dar spiriti hukaushwa yote kwa mashine, kinabaki kitu cheusi kama lami, na hicho ndicho wanachokipima.

Hapo ndipo wazo liliponiingia.

Ule uvimbe wa mama unaujua, tangu ulipoonekana mwezi wa kumi kwenye titi la kushoto. Alishapewa tarehe ya kufanyiwa upasuaji Dar, tarehe ishirini na mbili Januari. Ambacho hukijui ni kuwa mama alikuwa amekwisha kuamua haendi. Alituambia mimi na Bibi tusikuambie, kwa kuwa wewe ulikuwa na mimba na ungekuja juu. Alisema Mama Sufiani alikatwa titi na hakumaliza mwaka, na kwamba yeye akifa anataka afe mzima. Bibi alimsihi. Bibi huyo huyo ambaye leo unasema alimzuia mama kwenda hospitali, dada, alipiga magoti yake mabovu chini mbele ya mkaza mwanawe akamwambia uyoga wangu ni wa kukupunguzia maumivu tu, kitu hicho sikiwezi. Mama akasema atakunywa hayo hayo maji ya uyoga mpaka mwisho wake.

Basi mimi nikafikiri, kama mama hatakwenda, na dawa anayoikubali ni uyoga tu, na maji hayaitoi dawa, kwa nini nisimpe ile iliyotolewa sawasawa?

Chumba cha pili cha Mzee Mudrick kilikuwa na meza yenye mitungi ya kioo, ambayo tuliiita chupa, yenye uyoga uliolowekwa. Lebo zote zilikuwa za mwandiko wangu. Pipa la spiriti lenyewe lilikuwa kwenye stoo ya nyuma na ufunguo alikuwa nao Ebenezer, sikuwahi kuliona. Nilichagua chupa ya kumi na nne, iliyokuwa na uyoga mwingi wa gogo la mkomafi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na rangi nzito kuliko zote. Lakini ilikuwa inanukia, na nikaogopa. Sikuogopa sumu, dada. Niliogopa haramu. Niliogopa kumpa mama kitu chenye pombe, yeye ambaye hata siki ya dukani huiulizia imetengenezwa kwa nini.

Nikamuuliza Ebenezer. Ilinichukua siku mbili kumuuliza. Alikuwa anaosha vioo, nami nikasema kwa kuvizia, kama mtu asiyejali, eti hii spiriti yenu ni pombe? Alidhani ninaona vibaya kuigusa kwa sababu ya dini. Akaniambia, "Hapana, mdogo wangu. Hii si pombe, hii hakuna anayekunywa. Wala usiogope, udhu wako uko palepale." Akacheka, akaendelea kuosha.

Sentensi nzima ilikuwa mbele yangu. Mimi nilichukua ile sehemu ya kwanza tu, nikashukuru moyoni.

Jumatatu ya wiki iliyofuata, walipokwenda Kibiti kununua vifaa, nilichuja chupa ya kumi na nne kwa kitambaa safi, nikajaza kichupa kimoja cha dawa ya kikohozi, na mtungi ulipopungua nikaujaza maji ya kuchemsha. Jioni nilimtilia mama kijiko kimoja cha chakula kwenye chai ya tangawizi yenye asali nyingi. Akasema chai ya leo ina makali. Nikamwambia tangawizi ni mbichi. Akanywa yote. Asubuhi kijiko kingine, jioni kingine. Siku hiyo ya pili alichangamka, akasema kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi titi halikumchoma. Aliimba akisuka ukili. Bibi alikuwa akimsikiliza kutoka barazani, akaniambia labda uyoga wa mwaka huu una baraka. Sijui kama nimewahi kufurahi kama nilivyofurahi siku ile. Jumatano asubuhi nikampa cha nne.

Mchana akaanza kulalamika kichwa. Akatapika. Tumbo likamkata, akawa anahema kama mtu aliyetoka kukimbia. Saa kumi nikiwa namkanda kwa kitambaa, aliinua uso akauliza, "Nani amewasha kuni mbichi? Mbona moshi umejaa ndani?"

Hapakuwa na moto, dada. Madirisha yote yalikuwa wazi na jua lilikuwa limempiga usoni.

Tulimpeleka hospitali Kibiti kwa bajaji, mimi upande mmoja na Bibi upande mwingine, barabara yote akisema moshi unazidi. Daktari aliyempokea anaitwa Richard, mtu mpole, si wa huku. Alimmulika macho muda mrefu. Akauliza kwa taratibu mama amekula nini na amekunywa nini. Bibi akaeleza kila kitu kuhusu uyoga wake, jinsi anavyoukata, anavyouchemsha, na vikombe vingapi kwa siku, hakuficha hata punje. Daktari akasikiliza, lakini niliona kuwa bado kuna kitu anakitafuta. Akauliza, "Hakunywa gongo? Au pombe yoyote ya kienyeji? Naomba msinifiche, dalili hizi naziona kwa watu wa namna hiyo."

Bibi alikasirika. Akamwambia mkaza mwanangu ana miaka arobaini na saba na hajapata kuonja pombe, swala tano hazimpiti, na wewe mwanangu ukiwa huijui nyumba ya mtu usiipake matope. Daktari akaomba radhi. Akanigeukia mimi akauliza kama nina la kuongeza. Nikatikisa kichwa. Nafsi yangu ilikuwa imesikia neno pombe, na mimi nilikuwa nimekwisha kuhakikishiwa kuwa ile haikuwa pombe. Kwa siku ile moja, dada, naweza kusema sikujua. Nilijua nimeiba, na niliona haya ya wizi, lakini sikujua.

Kesho yake asubuhi Bibi alinituma nyumbani kuchukua kanga na sufuria ndogo. Nilipita kwa Mzee Mudrick. Dokta alikuwa ametangulia Dar, na Ebenezer alikuwa anafungasha. Mitungi yote ilikuwa imekwisha kupangwa kwenye maboksi, na pipa lilikuwa limetolewa nje barazani likisubiri gari. Lilikuwa la buluu. Lilikuwa limechorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili, na chini yake limeandikwa methanoli.

Ebenezer alinipa pole ya mama, akaniuliza anaendeleaje. Nilikimbia nyumbani nikatoa daftari langu la kemia. Dada, nilikuwa nimeliandika mwenyewe, kwenye ukurasa wa alkoholi, kwa ule mwandiko unaosifiwa: methanoli ni sumu, ikinywewa huleta upofu na kifo. Nimepigia mstari mwekundu kwa rula. Katika mtihani lilikuja swali la alkoholi na nilipata. Wao walikuwa wakiiita spiriti, na mimi nikaiwaza kama spiriti.

Sasa hapa ndipo penyewe. Hayo ya juu ungeweza kunisamehe, naamini, kwa kuwa nilitaka mama apone. Hili la sasa sijui.

Nilipanda bodaboda kurudi Kibiti. Njia nzima nilikuwa nayakariri maneno matatu, mama amekunywa methanoli, mama amekunywa methanoli, mpaka dereva akageuka kuniuliza kama naongea naye. Nilifika wodini saa nne na nusu. Mama alikuwa amelala chali. Siku ile jicho la kulia lilikuwa bado linaona mwanga, aliponisikia aliugeuza uso dirishani akasema pale pana weupe. Daktari Richard alikuwa amesimama kando ya kitanda, na Bibi alikuwa analia, anamweleza upya habari za uyoga, labda gogo lilikuwa na nyoka, labda alizidisha kipande. Daktari aliponiona akasema ameambiwa mimi nimesoma mpaka kidato cha nne. Akaniomba nimsaidie. Akasema bibi ni mtu mzima, anaweza kuwa amesahau kitu, hata kiwe kidogo, na kwamba ni muhimu sana akijue leo, si kesho.

Alinitazama vizuri, bila ukali. Hakuna mtu ambaye angeweza kuniuliza kwa upole zaidi ya ule. Nilifungua mdomo. Mama alikuwa anasikia. Bibi alikuwa amenishika mkono. Nikasema, "Alikuwa anakula vizuri tu, daktari."

Akaandika, akaondoka.

Nilikaa pale mpaka jioni. Daktari alipita mara mbili zaidi. Mara ya pili nilisimama kabisa, nikamfuata mpaka mlangoni, akageuka, nikamuuliza choo kiko wapi. Kesho yake tulipopelekwa Dar ule weupe wa dirishani ulikuwa umekwisha. Daktari wa macho wa huko alisema mishipa imekufa, na kwamba kama ni kitu alichokunywa, kingejulikana siku za mwanzo wangeweza kujaribu dawa. Hakusema kuwa angepona. Alisema wangejaribu. Neno hilo ninalala nalo.

Dokta Marsela alipopata habari alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini. Aliniita mwanangu, akauliza kama kuna chochote kilichotoka chumbani kwao, akasema hatanilaumu, anataka kujua tu. Nikamwambia hapana. Kwa hiyo nimeulizwa na watu wawili, dada, wote kwa wema, na wote nimewanyima.

Bibi anaamini kwa moyo wake wote kuwa ni yeye. Hilo hukuliona, kwa kuwa hukuwepo. Siku tuliyorudi kutoka Dar alikusanya kinu chake kidogo, mafungu yote ya maganda na vipande vyote vya uyoga, akanibebesha mpaka mtoni, akavitupa. Kinu kilizama. Uyoga ni mwepesi, ulielea, na maji yalipojaa yakaurudisha wote kwenye matope ya ukingoni, watoto wakawa wanauokota kuuchezea. Akashuka mwenyewe na magoti yale, akauokota kipande kimoja kimoja, akauchimbia. Watu waliokuwa wakija asubuhi na wagonjwa wao hawaji tena. Wakipita hawaamkii. Siku ya Idi, ulipopiga simu ukasema mbele ya spika kuwa Bibi hutampa mkono wa Idi mpaka unaingia kaburini, mimi ndiye niliyekuwa nimeishika simu. Bibi alisema tu, "Ana haki." Kisha akaenda kulala na hakula biriani.

Mama hasemi naye. Miaka ishirini na mbili wamepika pamoja, wamemzika baba pamoja, na sasa mmoja akiingia jikoni mwingine anatoka akipapasa ukuta. Ukimpa mama chochote, hata maji, anashika kikombe bila kukipeleka mdomoni na kuuliza kimetoka mkononi mwa nani. Nikisema mkononi mwangu, anakunywa.

Lakini kuna jema moja, na ndilo linalonifanya nikuombe nitakachokuomba. Mama amekubali kwenda Dar. Alisema mwenyewe, bila kulazimishwa, kuwa dawa za miti zimekwisha kumtosha. Amepewa tarehe mpya, tarehe kumi na mbili Mei, na wamesema uvimbe haujapita kiasi, bado unaweza kutolewa. Ametoa sharti moja tu. Nimwongoze mimi, nimshike mkono mimi mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na kila kidonge akipokee kutoka kwangu. Kwa mtu mwingine hatameza. Nilimwambia wewe unaweza kuja na mtoto, akasema Mwamini ana maneno mengi, Mwantum hasemi lakini hadanganyi.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili, dada yangu.

La kwanza, mpigie baba mdogo Husseini umwambie asije. Mwambie umebadili mawazo. Kisha mpigie Bibi. Muamkie. Mwambie umeongea na daktari huko Tanga akasema ni maradhi yenyewe yaliyopanda kichwani, kwamba uyoga hauna kosa. Najua ni uongo nakutuma, na sina haki ya kukutuma. Lakini Bibi ana miaka sabini na nane na hali tena usiku, na mimi ndiye niliyepaswa kumpa maneno ambayo siwezi kuyatoa. Nimejaribu. Juzi nilikaa naye barazani, nikamwambia Bibi, nina jambo. Akaniambia sema mjukuu wangu. Nikamwambia chumvi imekwisha.

La pili ndilo hili. Usimwambie mtu. Usimwambie shemeji, usimwambie baba mdogo, na kwa jina la Mungu usimwambie mama, si kwa simu wala siku utakapokuja. Akijua, hataupokea mkono wangu, na mkono mwingine haukubali, na tarehe kumi na mbili itapita kama ile ya Januari ilivyopita. Baada ya hapo nitasema mwenyewe. Nimeandika hivyo na nimekaa nikalitazama neno hilo, nitasema, na sina hakika kama ni kweli. Nikikuambia nakuomba siri kwa ajili ya mama tu, nitakuwa nimekudanganya na wewe. Naomba pia kwa ajili yangu.

Mpe shemeji salamu, umwambie tumepata ile dawa ya mbu aliyoituma. Mtoto mbusu kwenye nyayo. Mama ameniuliza ninaandika nini, nimemwambia ninakuandikia wewe, akasema nikuambie hajambo na usimsahau kwa dua. Barua nitampa jirani yetu Abbasi kesho, anapanda basi la Tanga asubuhi, na bahasha nimeibandika kwa uji mara mbili. Ukishaisoma ichome. Usijibu kwa barua, na kwenye simu usiniulize kitu. Nitakapoona umempigia Bibi ukamwamkia, nitajua imefika na nitajua umekubali kuniwekea siri.

Wassalaam.

Ni mimi mdogo wako,
Mwantum